Jina Lililoandikwa: Namna ya Kumtafuta Mtu Aliyekamatwa

Maneno haya yalisemwa katika kipindi cha redio juu ya amani na maelewano, kwa ajili ya wakaaji wa Lulimba na vijiji vya jirani. Yamechapwa jinsi yalivyosemwa, ili wasiokuwa na redio wayasome, na viongozi wawasomee watu wao.

 Jambo kwa watu wa Lulimba, wa Misisi, wa Lubondja, wa Kilembwe, wa Fizi na wa Baraka. Jambo kwenu pia mliokimbia vijiji vyenu, ambao leo mnalala katika nyumba za wengine, katika vyumba vya shule na chini ya bashi.

Leo tutazungumza juu ya swali ambalo jamaa nyingi hapa kwetu wamekwisha kuliuliza: "Mtoto wetu amekamatwa. Yuko wapi?" Swali hilo ni la nyumba moja, lakini jibu lake linaweza kuponya kijiji kizima au kukiharibu.

Tuchukue mfano. Siyo habari ya mtu fulani, lakini wengi wenu mtautambua. Kijana mmoja wa jamaa iliyokimbia anatoka Lulimba asubuhi na kuelekea Misisi kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Kwenye barieri anashushwa kwenye pikipiki. Mwenye pikipiki anarudi peke yake na kusema: "Wamemchukua." Siku ya kwanza jamaa wanangoja. Siku ya pili mjomba wake anakwenda kwa polisi na kutaja jina la kijana. Askari wa zamu anasema: "Jina hilo halipo hapa." Siku ya tatu mtu mmoja kisimani anasema: "Wale hawakuwa askari. Ni watu wa kabila lile." Siku ya nne vijana wanachukua mapanga, ng'ombe za jirani zinakatwa, na mtoto wa jirani anaumizwa. Siku ya sita ndipo inajulikana kwamba kijana yule yuko katika kasho ya kituo kingine. Ana njaa, lakini ni mzima. Aliandikwa kwa jina lake la ubatizo, na mjomba alikuwa amemuuliza kwa jina la babu.

Kijana ni mzima, lakini ng'ombe zimekwisha kufa, na mtoto wa watu yuko hospitali. Hapo hakukukosekana jeshi wala mkutano mkubwa wa amani. Kilichokosekana ni jina moja tu, liulizwe vizuri katika daftari moja.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ni hivyo kwa mbuzi na kwa debe la mihogo, je, si zaidi kwa mtu?

SHERIA INASEMA NINI

Wengine wanafikiri kwamba mtu akiingia mikononi mwa askari, amekwisha kuwa mali yao. Sivyo. Katiba ya nchi yetu, ile ya Februari 18, 2006, kifungu cha 18, inasema wazi: mtu aliyekamatwa anapashwa kuambiwa mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoisikia. Anapashwa kuambiwa haki zake. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa yake au na avoka wake. Tena polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, ama wanamfungua, ama wanamkabidhi kwa wakubwa wa sheria wenye uwezo juu ya kesi yake.

Kifungu cha 17 kinaongeza mambo mawili ambayo jamaa zetu wanapashwa kuyakumbuka. La kwanza: mtu yeyote anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu imalizike kabisa. La pili: kosa ni la mtu mwenyewe. Hakuna anayeweza kukamatwa kwa tendo la mtu mwingine. Baba hafungwi kwa sababu mtoto amekimbia, na mke hafungwi kwa sababu ya bwana wake.

Mtu akifika parke, saa zinabadilika kuwa siku. Kitabu cha sheria za kesi za makosa, cha Agosti 6, 1959, kinasema kwamba parke ikitoa mandati ya kumshika mtu, inapashwa kumpeleka mbele ya hakimu katika siku 5. Hakimu akikubali ashikwe, neno lake lina nguvu siku 15. Kisha linaweza kuongezwa mwezi mmoja, na tena mwezi kwa mwezi, si bila mwisho. Ikiwa kosa adhabu yake ni miezi 6 au zaidi, hakimu hawezi kuongeza zaidi ya mara tatu mfululizo, isipokuwa katika baraza la wazi.

Hesabu hizo tunawapa kwa sababu moja. Mtu asiyejua siku hawezi kuuliza swali la maana. Ukisema tu, "Mfungueni mtoto wetu," watakufukuza. Lakini ukisema kwa heshima, "Afande, alikamatwa siku ya pili saa nne asubuhi, leo ni siku ya tano, je, amekwisha kupelekwa parke?" hapo umeuliza swali linalotaka jibu.

MADAFTARI YAKO WAPI

Katika Marekani, magereza mengi ya wilaya huweka kwenye intaneti majina ya watu waliokamatwa, mara nyingi pamoja na picha zao. Jamaa anaweza kumtafuta ndugu yake akiwa nyumbani. Lakini kuna ubaya wake: mtu ambaye baadaye anaonekana hana kosa, picha yake inabaki machoni mwa watu wote. Hapa kwetu hatuna njia hiyo. Daftari letu ni la karatasi, liko juu ya meza ya mtu, na ili kujua kilichoandikwa ni lazima uende au utume mtu.

Yako madaftari ya namna nne, na ni vizuri kuyajua kwa zamu yake.

La kwanza ni daftari la kasho ya polisi. Humo huandikwa jina, siku na saa mtu alipoingia, na sababu. Pamoja na hilo kuna karatasi ya mahojiano inayoandikwa na O.P.J., ambayo tunaiita P.V.

La pili ni daftari la parke. Kila kesi inayoingia parke inapewa namba, ambayo kwa ufupi wanaiita R.M.P. Ishike namba hiyo kama unavyoshika karte yako ya uchaguzi. Majina yanafanana, na makarani wanabadilishwa, lakini namba inabaki.

La tatu ni daftari la korti. Kesi ikifika mbele ya hakimu inapata namba nyingine, R.P. Nayo uiandike.

La nne ni daftari la gereza, ambalo kwa Kifaransa wanaliita registre d'écrou. Tangu amri ya Septemba 17, 1965 juu ya magereza ya nchi yetu, mlinzi wa gereza anapashwa kushika daftari hilo. Mtu hapokelewi gerezani kwa neno la mdomo. Anapokelewa kwa karatasi ya mwenye uwezo wa kumtuma. Mataifa yote nayo yalikubaliana hivyo katika Umoja wa Mataifa, mwezi wa Desemba 2015, katika kanuni walizozipa jina la Nelson Mandela. Kanuni hizo zinataka gereza liandike mtu ni nani, nani amemtuma na kwa sababu gani, siku na saa ya kuingia, ya kuhamishwa na ya kutoka. Zinataka waandike pia vidonda vinavyoonekana kwenye mwili wake, vitu alivyokuja navyo, na majina ya jamaa yake.

Askari naye akikosa, anaandikwa. Kesi yake iko kwa auditora ya kijeshi. Mtakumbuka mambo mabaya yaliyowapata wanawake wa Fizi usiku wa Januari 1, 2011. Korti ya kijeshi ilikuja Baraka, ikaketi mbele ya watu, na Februari 21 ya mwaka ule ule luteni-kanali aliyekuwa mkubwa wa askari wale alihukumiwa miaka 20. Haikupita hata miezi miwili. Iliwezekana kwa sababu washitakiwa walikuwa wameshikwa na kujulikana walipo, na maneno ya wanawake yalikuwa yameandikwa. Yaliyoandikwa yalifika mbele ya hakimu.

Mtu asiye askari hana mahali katika kasho ya kambi. Ile hali ya dharura iliyotangazwa mwezi wa Mei 2021, ambayo iliweka kesi za raia mikononi mwa korti za kijeshi, ilikuwa ya Ituri na Kivu ya Kaskazini. Siyo ya Kivu ya Kusini. Basi jamaa wakisikia kwamba raia ameshikwa kambini, wana haki ya kuomba akabidhiwe kwa polisi au kwa parke. Lakini wasiende peke yao. Waende na kiongozi.

NAMNA YA KUTAFUTA

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Sikilizeni vizuri, tena mwenye kalamu aandike.

Kwanza, kabla ya kutoka nyumbani, keti na jamaa mwandike karatasi moja. Andikeni majina yote ya mtu: jina la baba, jina la babu, jina la ubatizo, hata jina la utani ambalo vijana wenzake wanamwita. Andikeni jina la baba yake na la mama yake, kijiji alichozaliwa na mahali anapolala sasa. Andikeni miaka yake na nguo alizovaa. Andikeni mahali alipokamatwa, siku na saa. Andikeni waliomkamata walivaa namna gani, walikuwa wangapi, na walielekea njia gani. Andikeni ni nani aliyeona kwa macho yake. Mwenye kuambiwa na mwingine siyo shahidi, mtafuteni aliyeona.

Pili, anzeni karibu. Nendeni kwenye kituo cha polisi kilicho karibu na mahali alipokamatwa, si kilicho karibu na nyumba yenu. Ikiwa alikamatwa njiani kati ya Lulimba na Misisi, ulizeni pande zote mbili za njia. Kisha ulizeni Fizi na Baraka. Lulimba iko penye njia panda: mtu anaweza kupelekwa upande wa Baraka, au akivuka mpaka wa jimbo akajikuta upande wa Kalemie. Msisahau hospitali, maana aliyeumia wakati wa kukamatwa anaweza kupelekwa huko kwanza.

Tatu, muwe wachache. Watu wawili au watatu wanatosha: mmoja wa jamaa, mmoja mzee au kiongozi wa kanisa au wa msikiti. Tena, ikiwa inawezekana, mmoja awe wa kabila lingine. Neno hilo linaweza kuwashangaza. Lakini fikirini: mtu wa kabila lingine akisikia kwa masikio yake jibu la askari, habari itarudi kwa pande zote mbili kwa namna moja. Uvumi hautapata pa kuingilia. Mkienda watu thelathini mnapiga kelele, askari ataogopa na kufunga mlango. Wamama, ninyi ndio mnaopeleka chakula na ndio mnaotafuta zaidi. Msiende peke yenu, wala msiende jioni.

Nne, ulizeni vizuri. Daftari siyo gazeti la kusomwa na kila mtu; lina siri za watu wengine. Usiombe kulishika. Omba askari akuangalilie. Sema: "Tunamtafuta mtu huyu, tafadhali utazame majina haya yote, tangu siku ya pili mpaka leo." Akisema hayupo, uliza maneno matatu zaidi: je, alipita hapa kisha akapelekwa mahali pengine? Ni nani aliyekuwa zamu siku ile? Je, kuna kituo kingine tunachoweza kuuliza? Kisha andikeni jina la kituo, siku, saa, na jibu mlilopewa. Jibu la "hayupo" nalo ni habari. Litaandikwa kama mengine.

Tano, mkimpata, msifurahi mkaenda. Ulizeni: anashitakiwa kwa kosa gani? Aliingia saa ngapi? Nani anashika dosie yake? Lini atapelekwa parke? Ikiwa amekwisha kufika parke, ulizeni namba ya R.M.P. Ombeni kumwona. Mkikatazwa kumwona, mpelekeeni chakula pamoja na neno ambalo yeye tu anaweza kulijibu, kama jina la nyanya yake au jina la mbwa wa nyumbani. Jibu likirudi, mnajua kwamba chakula kimefika kwake.

Sita, saa 48 zikipita na hakuna jibu, pandeni ngazi. Mkubwa wa parke ana haki ya kukagua kasho, hata zile ambazo askari wa chini hawapendi kuzitaja. Avoka anaweza kuingia mahali mnapozuiwa. Ulizeni juu ya avoka wa bure, maana chama cha maavoka kina ofisi ya kuwashauri maskini bila malipo. Tume ya taifa ya haki za binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Machi 21, 2013, ina kazi ya kutembelea mahali watu wanapofungwa. Msalaba Mwekundu wa kimataifa, ule tunaouita CICR, huwatembelea wafungwa na kusaidia jamaa waliopotezana kwa sababu ya vita. Zamani wengi walikuwa wanakimbilia MONUSCO. Lakini MONUSCO iliondoka Kivu ya Kusini mwezi wa Juni 2024. Msipoteze safari kutafuta kambi zake.

MAMBO YANAYOPOTEZA WATU

Kuna mambo mengine yanayofanya mtu apotee ingawa yuko hai, karibu nasi.

La kwanza ni jina, kama tulivyosema. Mbembe, Mbuyu, Mfuliiru na Munyamulenge, kila mmoja anaita mtoto wake kwa namna ya kwao. Askari anayeandika anaweza kuwa ametoka mbali, naye anaandika anavyosikia. Herufi moja ikibadilika, mtu amefichika. Kwa hiyo msitaje jina moja tu, tena mtaje polepole.

La pili ni pesa. Wengi wanaogopa kuuliza kwa sababu wanafikiri wataombwa pesa ya kuuliza, pesa ya kuona, pesa ya kufungua. Sheria haina bei ya kuuliza wala bei ya kumfungua mtu wa kasho. Ikiwa parke au hakimu wameomba dhamana, au ni faini ya sheria, pesa hiyo inatoka na kitansi, karatasi inayoonyesha kiasi gani kimelipwa na kwa sababu gani. Pesa isiyo na kitansi haina daftari, na kilicho nje ya daftari hakimlindi mtoto wako. Kesho anaweza kukamatwa tena kwa neno lile lile.

La tatu ni deni. Watu wanakamatwa kwa sababu hawakulipa mbuzi, mahari au pesa ya duka. Katiba, kifungu cha 61, inakataza kabisa kumfunga mtu kwa deni. Inasema hata katika wakati wa dharura jambo hilo haligeuki. Deni linapelekwa kwa hakimu au kwa wazee. Halipelekwi kwenye kasho.

La nne ni watoto. Sheria ya Januari 10, 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa mwenye hatia mbele ya sheria. Aliye kati ya miaka 14 na 18 ana hakimu wake, hakimu wa watoto. Hawekwi pamoja na watu wazima. Basi mkimtafuta mtoto, chukueni karatasi ya kuzaliwa, karte ya ubatizo au ya chanjo, au karatasi ya shule. Kwa jamaa waliokimbia moto bila kuchukua kitu, shefu na mwalimu waandike ushuhuda wa miaka yake.

NENO KWA VIONGOZI

Sasa nasema nanyi, washefu wa vijiji, wakubwa wa sekta, wazee wa kanisa na wa msikiti, wasimamizi wa wahamishwa.

Shefu wa kijiji hana kasho. Nyumba ya kufungia watu nyuma ya uwanja wa shefu siyo gereza la sheria, hata kama mlango wake ni mgumu. Mtu akikosa, mpeleke kwa polisi, na uandike umempeleka lini na nani amempokea.

Nunueni daftari la shule, lile la bei ndogo. Kila mara mtu wa kijiji anapokamatwa, andikeni: nani, wapi, saa gani, na nani aliyemchukua. Andikeni mwenyeji na mkimbizi kwa namna ile ile, bila kuweka kabila mbele ya jina. Daftari hilo halina nguvu ya sheria, lakini lina nguvu ya ukweli. Siku uvumi unapofika kisimani, shefu anaweza kusema: "Hapana, tumeandika. Alichukuliwa na polisi, na ndugu wawili wamekwenda kumwona."

Kuna jambo lingine linalochoma mioyo, nalo ni siku mtu anapofunguliwa. Jamaa ya aliyeibiwa au aliyepigwa wanamwona mshitakiwa anatembea sokoni baada ya siku chache, nao wanasema: "Ametoa pesa. Leta imewachagua wale. Basi tutajilipiza wenyewe." Mara nyingine ni kweli kwamba pesa imepita. Lakini mara nyingine ni sheria: hakukuwa na ushuhuda, au hakimu amemwachia akingoja kesi akiwa nyumbani. Kufunguliwa kwa muda siyo kushinda kesi. Mwenye kudhulumiwa naye ana haki ya kuuliza daftari: nani ameamuru afunguliwe, siku gani, na kesi yake inaendelea wapi? Kiongozi mwema anakwenda kuuliza kwa ajili ya pande zote mbili, kisha anawaita kwenye baraza na kuwaambia jibu moja. Wazee wa Kibembe wanaketi lubunga. Wengine wana baraza zao. Kule ndiko jibu linapashwa kusemwa, siyo njiani wala kwenye pombe.

Na wale wenye silaha ambao siyo polisi wala jeshi? Hao hawana haki ya kumkamata mtu, na hawana daftari. Jamaa wasiende msituni peke yao. Tumieni wazee ambao wanasikilizwa na pande zote, wachungaji, na CICR. Tena wambieni wazi wale mnaowafahamu: mtu mliyemchukua ana jina, ana mama, na wazee wote wa pande hizi wanajua kwamba yuko mikononi mwenu.

DAFTARI LIKIPOTEA

Mwaka 2025 tuliona jambo la kutisha. Januari 27, vita vilipoingia Goma, gereza la Munzenze lilivunjwa, moto ukawaka, na wanawake zaidi ya mia moja waliokuwa wamefungwa humo walikufa. Katikati ya Februari gereza la Bukavu likafunguka, na mwezi ule ule la Uvira nalo. Gereza likifunguka hivyo, daftari haliwezi tena kukuambia mtu yuko wapi. Mwenye kosa kubwa ametoka, aliyefungwa kwa kuku ametoka, na karatasi zimetawanyika.

Siku kama hiyo, kinachobaki ni karatasi iliyo nyumbani. Yenye namba ya R.M.P., siku ya kuingia na jina la gereza. Kwa karatasi hiyo jamaa anaweza kuanza tena kumtafuta ndugu yake. Kwa karatasi hiyo aliyefungwa bila haki anaweza kuonyesha kosa aliloshitakiwa lilikuwa nini, ili asihesabiwe kuwa muuaji kwa sababu tu alitoka pamoja na wauaji. Na kwa karatasi hiyo mwenye kudhulumiwa anaweza kuianzisha kesi upya. Ifungeni ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karte zenu. Wekeni nakala kwa mtu mwingine mnayemwamini. Mkikimbia, ikimbieni nayo.

Tena, kwa sababu ya vita, ofisi nyingi za jimbo letu hazifanyi kazi jinsi zilivyofanya zamani, na nyingine zimehama. Kabla ya kutumia pesa ya safari, mpigieni simu mtu aliye karibu na ofisi hiyo, au muulize mkubwa wa sekta, mjue mlango upi uko wazi.

Ndugu zangu, amani haianzi siku wakubwa wanapotia sahihi mezani. Inaanza siku jamaa mbili zinapokubali kwamba kabla ya kusema "wamemuua," zitakwenda pamoja kuuliza "yuko wapi?" Kuuliza huko kunachukua siku mbili au tatu. Kulipiza kisasi kunachukua miaka, na watoto wetu ndio wanaolipa.

Basi tunawaachia kazi ya juma hili. Kila nyumba iandike majina yote ya watu wake kwenye karatasi moja, mkubwa kwa mdogo. Kila shefu awe na daftari lake. Kila kamati ya wahamishwa ichague watu wawili, na wenyeji wachague wawili, ili mtu akikamatwa, hao wanne wajue kwamba kazi ya kuuliza ni yao. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mashamba ya waliokimbia na namna ya kuyalinda mpaka wenyewe warudi.